Sijapendelewa na mtu: barua zenu kuhusu upendeleo

Katika toleo lililopita niliandika kwa ufupi kwamba watu wawili wenye bidii sawa huweza kufika mahali tofauti kabisa kwa sababu ya mambo ambayo hakuna kati yao aliyeyachagua: rangi ya ngozi, mali ya wazazi, jinsia, mwili wenye ulemavu au usio nao. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na kadhaa ziliandikwa kwa uchungu. Nimechagua sita. Baadhi nimezifupisha bila kugusa hoja, na majina nimeyaacha.

"Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, nilisoma kwa kuhangaika, na cheo nilichonacho leo nimekipata kwa jasho. Hivi karibuni, katika kikao cha kazini, binti mmoja alisema mbele ya wote kwamba wanaume kama mimi tuna upendeleo ambao hatuuoni. Niliumia sana, kwa maana sijapendelewa na mtu yeyote. Naomba unifafanulie neno hili, kwa sababu naona siku hizi linatumika kama tusi."

Ndugu yangu, pole kwa kuumia, hasa kwa kuwa jambo hilo lilisemwa hadharani. Nitaanza na neno lenyewe, kwa sababu naamini sehemu ya maumivu yako inatoka humo. Katika Kiswahili cha kila siku upendeleo ni tendo, na tendo hilo lina watu wawili: anayependelea na anayependelewa. Mwalimu humpendelea mwanafunzi fulani, mzazi humpendelea kitinda mimba, mkuu wa ofisi humpendelea mpwa wake. Kwa hiyo mtu akiambiwa ana upendeleo, humtafuta kichwani mwake yule aliyempendelea, na asipomwona huhitimisha, kama ulivyohitimisha wewe, kwamba amesingiziwa. Lugha ya mitaani ina neno kali zaidi, kubebwa, na sitashangaa kama hilo ndilo ulilolisikia moyoni binti yule alipozungumza.

Wanaolitumia neno hili katika mijadala ya usawa wanakusudia jambo jingine, na ili kulielewa inafaa kurudi nyuma kidogo. Neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa maana hii linatokana na Kilatini, *privilegium*, lililoundwa kwa maneno mawili yenye maana ya "binafsi" na "sheria". Lilikuwa jina la sheria inayomhusu mtu mmoja au kundi moja peke yake. Kwa karne nyingi mambo hayo yalikuwa wazi kabisa. Makabaila wa Ufaransa, kwa mfano, walisamehewa baadhi ya kodi ambazo wakulima walizilipa, na kila mtu alilijua hilo, kwa kuwa lilikuwa sheria. Ndiyo maana liliweza kufutwa kwa tamko la bunge usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, katika miezi ya mwanzo ya mapinduzi yao.

Ugumu wa nyakati zetu ni kwamba sheria nyingi za namna hiyo zimeshafutwa katika vitabu, na bado mambo huenda kana kwamba zipo. Hakuna anayekupendelea kwa makusudi, hakuna karatasi iliyotiwa saini, na hata hivyo mlango unaofunguka kwa kuusukuma kidogo tu unapopita wewe unakuwa mzito anapopita mwingine. Upendeleo tunaouzungumzia hapa, kwa sehemu kubwa, ni vikwazo ambavyo mtu hakukutana navyo, na kikwazo ambacho hukukutana nacho huna sababu ya kukikumbuka.

Nikupe mfano ulio mdogo kiasi cha kuenea kidoleni. Wakati wa janga la UVIKO-19 wengi wetu tulikifahamu kile kibanio kinachovalishwa kwenye ncha ya kidole ili kupima oksijeni katika damu. Kifaa hicho hupitisha mwanga ndani ya kidole na kusoma kiasi kinachotokeza upande wa pili. Rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walilinganisha namba za kifaa hicho na vipimo vya damu yenyewe iliyochukuliwa kwenye ateri, wakakuta kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa kilishindwa kuugundua ulijitokeza kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya ulivyojitokeza kwa wagonjwa weupe. Sasa mfikirie mgonjwa mweupe aliyelazwa katika wodi hiyo. Hakumwomba daktari ampendelee, wala hakumchukia mgonjwa wa kitanda cha pili. Alivalishwa kibanio, namba ikasomeka, daktari akaiamini, na ilikuwa sahihi. Hakujua hata kwamba palikuwa na jambo la kujua. Huo ndio upendeleo unaozungumzwa, na unaona kwamba ndani yake hakuna mtu aliyetenda kosa kwa nia mbaya, ilhali mtu mmoja anaweza kufa.

Turudi kwenye kikao chako. Yatima uliyekuwa, na njaa uliyosoma nayo, ni kweli tupu, na sitaki mtu yeyote akunyang'anye. Lakini jiulize kwa utulivu. Ulipoomba kazi ya kwanza, kuna aliyekuuliza unatarajia kupata mtoto lini? Ulipopandishwa cheo, kuna aliyenong'ona kwamba ulikipata chumbani kwa mkubwa fulani? Ulipobaki ofisini hadi usiku ili kazi yako ionekane, nani alikuwa nyumbani akiwaogesha watoto na kuwalaza? Waswahili husema abebwaye hujikaza, yaani hata aliyesaidiwa ana juhudi yake, sembuse wewe ambaye hakuna aliyekubeba. Jasho lako ni lako. Binti yule naye ana jasho lake, na juu ya hilo jasho amelazimika kujibu maswali ambayo wewe hukuulizwa kamwe.

Umeuliza kama neno hili ni tusi. Likitumiwa kumnyamazisha mtu ili asiseme chochote zaidi, basi limefanywa tusi, na kama ndivyo alivyolitumia, alikosea. Hata hivyo sidhani kwamba binti wa umri huo anaweza kusimama mbele ya wakubwa wake na kusema maneno mazito hivyo bila kuwa na tukio mahususi akilini. Ningekuwa wewe ningemtafuta faragha, nikamwuliza alikuwa akizungumzia siku gani na jambo gani. Kisha ningemsikiliza hadi amalize.

"Nimeishi ughaibuni miaka kadhaa nikifanya usafi wa majengo pamoja na Wazungu maskini kuliko mimi. Mmoja wao alikuwa akilala ndani ya gari lake. Mtu kama huyo, unapata wapi ujasiri wa kusema ana upendeleo kwa sababu ya rangi?"

Hili ni swali zuri, na wanaolijibu kwa haraka huwa hawajawahi kumwona mtu analala ndani ya gari. Jibu langu ni kwamba mwenzako hakuwa na upendeleo wa mali hata chembe, na kumwambia kwamba maisha yake ni mepesi kungekuwa ukatili. Lakini rangi na mali ni vipimo viwili, na kimoja hakiwezi kusomwa kwa kukitazama kingine.

Mwanasosholojia Devah Pager alionyesha jambo hili kwa namna ambayo sijaweza kuisahau tangu nilipoisoma. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, vijana wanne, wawili weusi na wawili weupe, walizunguka jijini Milwaukee nchini Marekani wakiomba kazi za kawaida, wakiwa na elimu na uzoefu uliopangwa ulingane. Kwa zamu, kila mmoja alijitambulisha kwa baadhi ya waajiri kuwa aliwahi kufungwa jela kwa kosa la dawa za kulevya. Vijana weupe wasio na kifungo waliitwa tena na asilimia 34 ya waajiri, na wenye kifungo na asilimia 17. Vijana weusi wenye kifungo waliitwa na asilimia 5, na wasio na kifungo, yaani ambao rekodi yao haikuwa na doa lolote, na asilimia 14.

Tazama namba mbili kati ya hizo. Mweupe aliyetoka jela, 17. Mweusi ambaye hajawahi kukosa, 14. Kijana mweupe wa namba ile si tajiri, na kwa waajiri wengi alikataliwa kama wengine. Rangi yake haikumpa kazi. Ilimpunguzia tu uzito wa jambo ambalo kwa mwingine lingemaliza mazungumzo mlangoni.

Wapo wanaodhani kwamba kusema hivi ni kuwagonganisha maskini kwa maskini. Mwanahistoria W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi aliyelichunguza suala hili kwa kina, aliona kinyume chake. Mwaka 1935 aliandika kwamba vibarua weupe wa Kusini mwa Marekani walilipwa ujira mdogo, lakini walifidiwa kwa ujira wa aina nyingine, wa hadharani na wa kisaikolojia: walipewa heshima kwa sababu tu ni weupe, waliingia katika bustani za umma na shule bora, na polisi walitoka miongoni mwao. Ujira huo haukujaza tumbo. Hata hivyo uliwatenga na vibarua weusi ambao wangeweza kudai nao malipo bora, na matokeo yake makundi yote mawili yakaendelea kulipwa vibaya. Kwa hiyo mwenzako aliyelala garini huenda alikuwa na upendeleo wa rangi na papo hapo akawa ameibiwa kupitia upendeleo huohuo. Mimi binafsi naona hii ndiyo sehemu ya mjadala inayostahili kuzungumzwa zaidi kuliko nyingine zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayozungumzwa kidogo.

"Natumia mkono wa kushoto. Mkasi, dawati la shule, kila kitu kimetengenezwa kwa ajili yenu wa mkono wa kulia. Je, nami niandikwe katika orodha ya wanyonge?"

Takriban mtu mmoja kati ya kumi yuko kama wewe, na ni kweli kwamba sisi wengine hatujawahi kuutazama mkasi tukajiuliza umetengenezwa kwa ajili ya nani. Kwa hiyo unaijua vizuri, tena kwa vidole vyako, hali ya kuishi katika vitu vilivyopimwa kwa mwili wa mwingine. Ila tofauti na uzito wake ni mambo mawili. Mkasi unakusumbua, lakini haukunyimi mkopo, haukupunguzii mshahara, wala haumfanyi askari akusimamishe barabarani. Itumie hiyo hali unayoijua kuwasikiliza wale ambao kwao si suala la mkasi.

"Naona haya yote ni wivu uliovalishwa maneno ya kisomi. Matajiri walifanya kazi, au baba zao walifanya kazi. Kosa la mtoto aliyerithi ni lipi?"

Mtoto aliyerithi hana kosa, na sijawahi kuandika kwamba analo. Ninalokataa ni ile sehemu ya pili, kwamba mali yote inayorithiwa ilitokana na kazi ya aliyeiacha. Mara nyingine ilitokana na kazi ya mtu mwingine kabisa. Sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 1833 ili kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya himaya yake ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo walilipwa waliowamiliki watumwa. Waliotumikishwa hawakupata hata senti, na wengi walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wao walewale bila ujira, kwa jina la uanagenzi, hadi mwaka 1838. Deni ambalo serikali ililikopa ili kulipa fidia hiyo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Yaani watu waliokuwa wakilipa kodi Uingereza mwaka huo, wakiwemo wazao wa watumwa, walichangia kulimaliza.

Kuna pia mali iliyotokana na msaada wa serikali ambao wengine hawakufikiwa nao. Mwaka 1944 Marekani ilitunga sheria ya kuwasaidia askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia wasome na wapate mikopo ya nyumba na biashara. Sheria hiyo haikutaja rangi popote. Lakini mikopo ilitolewa na benki za kawaida, na benki zilikuwa na desturi zake. Katika jimbo la Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo zaidi ya 3,200 iliyodhaminiwa kwa mpango huo, miwili tu ndiyo iliyokwenda kwa askari weusi. Nyumba iliyonunuliwa wakati ule ilipanda thamani, ikawa dhamana ya mkopo mwingine, ikasomesha watoto, ikarithiwa. Mjukuu anayeishi leo ndani ya matunda yake anaamini, kwa dhati kabisa, kwamba familia yake haikusaidiwa na mtu.

Tena mali haimpi mtu vitu pekee. Inampa nafasi ya kukosea. Kijana wa familia yenye uwezo akichagua kozi isiyomfaa, anaanza upya; akifanya biashara ikaanguka, anarudi nyumbani na kulala mahali penye joto; akipewa nafasi ya kujifunza kazi bila malipo kwa miezi sita, anaichukua, kwa kuwa kuna anayelipa nauli na kodi ya chumba. Mwenzake mwenye akili kama zake hukosea mara moja tu. Hata faini hailingani: kiasi kilekile kwa mmoja ni usumbufu wa asubuhi, kwa mwingine ni mwezi mzima wa chakula cha watoto. Ufini iliona hilo mapema, na tangu mwaka 1921 imekuwa na faini zinazokadiriwa kwa kipato cha mkosaji, ili adhabu imfikie kila mmoja kwa uzito unaokaribiana. Siamini kwamba wabunge wao walisukumwa na wivu. Walichofanya ni kukubali kwamba sheria iliyo sawa kwenye karatasi huweza kuwa nyepesi kwa mmoja na kumvunja mwingine mgongo.

"Mimi ni daktari, mwanamke mweusi, nimezaliwa katika familia yenye uwezo na nimesoma nje. Si mara moja mgonjwa ameniona nikiingia akaniuliza daktari anakuja saa ngapi. Juzi rafiki yangu anayetumia kiti cha magurudumu aliniambia nina upendeleo mkubwa maishani. Nilinyamaza, lakini sikuelewa. Mtu anaweza kubaguliwa na kupendelewa kwa wakati mmoja?"

Ndiyo, dada yangu, na watu wengi duniani wako katika hali hiyo, mimi nikiwemo.

Anza na upande unaokuumiza. Mwaka 1976 mahakama moja nchini Marekani iliamua kesi ya wanawake watano weusi waliokuwa wameshtaki kampuni kubwa ya magari. Kampuni hiyo haikuwa imeajiri mwanamke mweusi kabla ya mwaka 1964, na ilipopunguza wafanyakazi kwa kuanza na walioajiriwa mwisho, wanawake weusi walioingia baada ya mwaka 1970 waliondolewa wote. Mahakama ilisema kampuni ilikuwa imeajiri wanawake kwa miaka mingi, kwa hiyo ubaguzi wa jinsia haukuwepo. Wanawake hao walikuwa weupe. Madai ya rangi yaliambiwa yaunganishwe na kesi nyingine dhidi ya kampuni hiyohiyo. Kuhusu madai ya kuwa mwanamke na mweusi kwa pamoja, mahakama ilikataa kuyatambua kama aina ya pekee. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo na kuonyesha kwamba mtu anaweza kusimama mahali ambapo njia mbili za ubaguzi hukutana, akagongwa hapo, na kila upande ukasema haukumwona. Mgonjwa anayekuuliza daktari yuko wapi yuko kwenye makutano hayo.

Jambo hilo hupimika hata katika mashine. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walijaribu programu tatu za kompyuta zinazokadiria jinsia ya mtu kwa kutazama picha ya uso wake. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7.

Sasa upande wa rafiki yako, na hapa naomba nikusimulie jambo langu, kwa sababu najua ni rahisi zaidi kusikia makosa ya mwingine. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa semina ndogo ya waandishi, na nikachagua ukumbi wa ghorofa ya pili kwa kuwa ulikuwa na mwanga mzuri. Jengo halikuwa na lifti. Asubuhi ile nilipanda na kushuka ngazi zile mara nne nikibeba viti na karatasi, na kwangu hazikuwa kitu chochote. Kisha akafika mshiriki mmoja akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Vijana wawili wakajitolea kumbeba, akawakatalia kwa upole, akasema asingependa kuingia mbele ya watu wasiomjua akiwa mikononi mwa watu kama mzigo. Aliketi chini, karibu na mlango, na wakati wa mapumziko nikamshushia karatasi za mada zilizokwisha kujadiliwa. Aliondoka kabla ya saa sita. Katika fomu ya kujiandikisha, ambayo niliiandika mwenyewe, hapakuwa na swali hata moja ambalo lingemwezesha kuniambia mapema. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi siku ile nilikuwa nimeshiba miguu.

Rafiki yako hakusema kwamba hubaguliwi. Amekuambia kwamba kuna ngazi unazozipanda bila kuziona, na kwamba ada yako ya masomo ililipwa kabla hujajua bei yake. Maneno yako kuhusu wagonjwa wanaokudharau na maneno yake kuhusu ngazi hayapingani, na hakuna haja ya kutafuta nani kati yenu ameumia zaidi. Mwulize, mahali unapofanyia kazi, mgonjwa wa kiti cha magurudumu huingilia mlango upi, na meza ya uchunguzi ina urefu gani. Wewe ni daktari, na hilo la meza liko ndani ya uwezo wako.

"Nimemaliza chuo mwaka huu. Kuna nafasi ya kazi imetangazwa mahali ambapo shangazi yangu ameajiriwa, naye amesema atayapeleka maombi yangu mkononi hadi mezani kwa mkuu wa ajira. Rafiki yangu tuliyesoma naye ameomba nafasi hiyohiyo. Alama zake ni nzuri kuliko zangu, na hana ndugu pale. Nikimkatalia shangazi ataniona sina adabu. Nifanye nini?"

Mwanangu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla, kwa sababu wengi huuliza baadaye, wakati hakuna la kufanya. Huu wa kwako ni upendeleo wa aina ile ya zamani, wenye mkono wa mtu ndani yake, na kwa hiyo unaweza kukataliwa. Ukiukubali na ukapata kazi, rafiki yako atakuwa amekosa nafasi kwa sababu isiyohusu kazi, na wewe hutajua kamwe kama ungeipata bila shangazi. Hilo la pili huwa linawatesa watu kwa miaka, hata wale walioiweza kazi vizuri.

Lakini usimkatalie shangazi kwa kumhukumu. Anakupenda, na huenda yeye mwenyewe aliingia pale kwa shida. Mwambie hivi: "Shangazi, nakushukuru sana. Maombi nimeshayatuma kwa njia iliyotajwa kwenye tangazo, na ningependa yabaki hivyo. Ninachokuomba ni jioni moja tu, unieleze kazi ile inafanywaje." Kuna mambo ambayo mtu wa ndani anayajua na tangazo haliyasemi: maneno kama "uwezo wa kufanya kazi na wengine" yana maana gani kwao, matatizo gani wanahangaika nayo, msailiwa hutarajiwa kuzungumza kwa kirefu au kwa ufupi. Mtoto wa familia yenye wasomi hukua akiyasikia mezani, na mwingine huyakuta siku ya usaili. Hayo shangazi anaweza kuyatoa bila kumnyima mtu haki yake, ilimradi usiyafungie. Yale ambayo hayatakiwi kutoka nje, kama maswali yenyewe ya usaili, usimwulize.

Kisha mwombe ruhusa ya kwenda na rafiki yako. Akikubali, nendeni wote wawili, kila mmoja na daftari lake. Asipokubali, andika wewe kila neno, na usiku huohuo mpelekee rafiki yako nakala kabla hujalala.